Konzi na Ukufi

Mama hakuja kunipokea stendi.
Kesho yake Jumapili, alikuwa na sakafu ya kanisa ya kusugua.
Nikazipanda mwenyewe ngazi mia na kumi na mbili za mtaa wetu, Aizawl,
nikiburuta begi la magurudumu
ambayo hayakuumbwa kwa ngazi.

Mle ndani: saa tatu za mtu wa mikono miwili.
Viatu visivyojua mvua.
Chombo cha umeme cha kupikia wali, zawadi yake,
kinachopiga muziki kikimaliza kazi.
Na barua ya benki niliyoikunja mara nne,
kana kwamba deni hupungua kwa kukunjwa.

Mumbai niliuza nyumba ambazo bado ni picha.
Ghorofa ya arobaini, bahari dirishani, lipa kidogo kidogo.
Niliwauzia watu kiu,
na ya kwangu nikainunua kwa punguzo la mfanyakazi.
Kila nilichokipata kilikuwa na kaka yake dukani.
Kukinai nilikinai mara nyingi.
Kushiba, hata siku moja.

Jioni mama akapima mchele, vibaba viwili,
na kabla maji hayajaugusa
akachota ukufi mmoja,
akaumimina katika kopo la biskuti nyuma ya mlango.
Midomo ilimcheza kidogo. Basi.

Nilikuwa nimesahau.
Nyumba kwa nyumba mlimani hufanya hivyo, kila sufuria,
kisha binti wa kanisa hupita na gunia:
ukufi wa mjane, ukufi wa dereva wa lori,
ukawa mshahara wa mwalimu,
ukawa dawa ya mtu asiyetujua.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nikatoa simu.
Mara mbili kwa siku, miaka arobaini na mmoja:
"Mama, umetoa tani moja na nusu!"
Akacheka hadi akashika meza.
"Nani kakutuma upime? Mimi nilichota tu."

"Hata mwaka ule mianzi ilipochanua,
panya wakatumalizia mpunga shambani?"

"Mwaka ule ukufi ulikuwa mdogo," akasema, akifunika sufuria.
"Yesu anaujua mkono wangu."

Haba na haba hujaza kibaba, hilo nalijua.
Sikuambiwa kwamba haba ikitoka
kibaba hujaa vilevile.

Asubuhi umeme ulikatika.
Chombo changu kilikaa mezani, bubu, king'aavyo.
Mama alikwisha kukitandikia kitambaa,
juu yake Biblia, juu ya Biblia miwani.
"Leo chota wewe."

Nikatia mkono, nikatoka na konzi.
Vidole vilijifunga vyenyewe, kwa mazoea,
punje zikichuruzika pembeni kama zinanikimbia.
Akanishika kifundo, akakigeuza polepole,
kama zamani alipokuwa akinitoa mwiba.
"Fumbua, mwanangu. Ngumi haibebi."
Nikachota tena, kiganja wazi,
na mchele ukakaa,
mwingi kuliko ule nilioukaba.

Nikajaribu kuomba.
Kanisani nilikuwa nimebaki jina tu, na tarehe ya ubatizo.
Sala zote zilikuwa zimenitoka
isipokuwa ile inayoomba ya leo
na ya mwakani haiitaji.
Nilipofika kwenye *leo* nikakwama.
Mama akapepea moto. Hakugeuka.
Na aliyekuwa akiningoja katika neno lile
hakuniuliza nimeleta nini.

Deni lipo palepale. Saa nitaziuza,
pengine zote tatu.

Tulikula wali uliopungua ukufi mmoja.
Mama akasogeza sufuria: "Ongeza."
"Nimeshiba," nikasema,
neno nililolitumia miaka yote kwa adabu,
na safari hii
lilikuwa habari.